Mkwe Niliyemrudishia Viatu

Ijumaa, 6 Machi

Nimefanya! Posa ya binti yangu mkubwa nimeivunja leo asubuhi, mbele ya watu, kama nilivyopanga. Jambo kama hili likifanyika chumbani halina faida.

Mambo yako hivi. Baba wa mchumba ni fundi viatu. Mtu mwema, sisemi uongo. Lakini mwezi uliopita kapatwa na wazimu gani sijui, kachukua fomu ya kugombea umeya dhidi ya Mheshimiwa. Mheshimiwa! Aliyekalia kiti kile tangu mimi nina nywele. Mji mzima umecheka. Mimi sikucheka. Mimi ni karani wa Idara ya Maji, idara iko chini ya meya, na cheo cha mkuu wa stoo kiko wazi. Tunakitolea macho wawili, mimi na yule wa masijala, Kimbelembele. Nani atampa stoo mtu mwenye mkwe mpinzani?

Basi nikabeba zawadi zote za posa hadi kibandani kwake. Shali ya mke wangu, mkoba wa binti, na viatu vyangu. Hivyo viatu ndivyo vilivyoniuma. Alinishonea mwenyewe, akanipima mguu mmoja mmoja, maana kidole gumba changu cha kulia kimepinda na hakuna kiatu cha dukani kinachokivumilia. Nikaviweka mezani, nikatangaza kwa sauti kwamba ukoo wangu hauchanganyi damu na wapinga maendeleo. Seremala wa kibanda cha pili alisikia. Muuza magazeti alisikia. Safi kabisa.

Fundi alitoa misumari mdomoni, akaniuliza kama binti anajua. Nikamwambia binti ni wangu. Akairudisha misumari mdomoni.

Jioni nikamwambia binti. Alikuwa kwenye kiti chake pale dirishani, anakunja nguo. Hakulia. Alimaliza kukunja, shati langu la mwisho, akaingia chumbani. Mke wangu kanipakulia chakula, akaenda kula jikoni na binti yetu mdogo. Siasa hawaielewi hawa.

Jumapili, 8 Machi

Siku ya kura. Niliamka mapema niwahi kumshikia Mheshimiwa mwavuli. Nikamkuta Kimbelembele kashaushika! Na mkoba wa mke wa Mheshimiwa kauning'iniza begani. Mtu hana haya hata chembe.

Nilipiga kura kwa mbwembwe, nikahakikisha Meneja wetu ananiona. Nikamuuliza binti amempa nani kura yake. Akasema kura ni siri. Ndiyo maneno pekee aliyoniambia tangu juzi.

Jumatatu, 9 Machi

Nimekwisha.

Fundi viatu ameshinda. Nilidhani redio imeharibika, nikaipiga kofi. Ikarudia vilevile. Fundi viatu, meya! Mke wangu akaniuliza kwa upole kama nitakunywa chai.

Ofisini, maajabu. Kumbe wote walimpigia Fundi! Meneja, ambaye Ijumaa alivaa fulana yenye uso wa Mheshimiwa, anasema wananchi walishachoka. Picha ya Mheshimiwa ukutani imefunikwa kalenda. Mama wa chai peke yake ndiye aliyekiri kwamba alimpa Mheshimiwa kwa sababu ya kofia ya kampeni, na kofia bado anayo, na anayetaka kumfukuza amfukuze. Wengine wote jasho linawatoka. Mmoja kasikia makarani wote tutaondolewa tuletewe washona viatu. Mwingine kasikia maji yatakuwa bure na sisi tutayabeba kwa ndoo. Mhasibu kafunga mlango wake, anasali kwa sauti.

Mchana nikapita karibu na kibanda cha Fundi. Ala! Foleni hadi barabarani. Mji mzima umekuja kushonewa viatu! Watu wenye viatu vipya kabisa. Nilimwona Meneja kwa macho yangu, kajificha nyuma ya nguzo, anang'oa soli kwa ufunguo wa gari. Kimbelembele alikuwa wa kwanza kwenye foleni, pekupeku, viatu viko mkononi, anamkumbusha kila mtu kwamba yeye na Fundi ni marafiki wa siku nyingi.

Mimi sina hata kiatu cha maana cha kupeleka. Changu kizuri kiko kwake.

Jumanne, 10 Machi

Usingizi haukuja, lakini mpango ulikuja. Nikapanga foleni. Zamu yangu ilipofika nikacheka sana, nikampiga Fundi begani, nikamwambia mkwe, nimekuja kuvichukua vile viatu, vile nilivyokuletea Ijumaa uvitanue kidogo. Kutanua tu! Watu wa mji huu kwa kupotosha maneno!

Seremala akakohoa. Fundi akainama chini ya meza, akatoa viatu. Vimetanuliwa kweli! Akasema aliniona Ijumaa nikiondoka nachechemea na viatu vya dukani, akaona alegeze ngozi kidogo pale penye kidole. Angevituma.

Nilivaa palepale. Nilitamani ardhi ipasuke nizame. Mguu ulikaa kama umerudi nyumbani.

Nikajikaza, nikaanza habari ya posa. Akanikatiza. Kwamba yeye hana kinyongo, ana kazi nyingi na wiki ijayo anaapishwa. Kwamba niliyemvunjia si yeye. Nikazungumze na binti yangu.

Jumatano, 11 Machi

Nimezungumza na binti. Nilimweleza kwamba ule ulikuwa mtihani. Baba mwenye busara humpima kijana kama ana mapenzi ya kweli. Na amefaulu, hongera zake!

Binti alinitazama, nikaanza kutazama viatu. Kisha akasema. Mchumba wake, ambaye ni muuguzi, ameomba uhamisho wa hospitali ya mbali na amepewa. Jumapili wanaondoka pamoja. Jumamosi asubuhi wanafunga ndoa kwa msajili, kuwe na posa kusiwe na posa. Ananiomba kitu kimoja tu. Niende. Nikae kwenye kiti cha baba wa bibi harusi, nitie saini, nisitaje stoo wala umeya. Alisema, njoo kama baba yangu, usije kama karani.

Nikasema nitakuja. Nilitoka nje nikajifanya natafuta koleo. Huyu mtoto nilimfundisha kutembea, akishika hiki hiki kidole changu cha mkono, na sasa anakwenda asikojulikana. Nitakwenda. Hata mbingu ianguke.

Ijumaa, 13 Machi

Mbingu imeanguka. Mheshimiwa amepinga matokeo! Kura zinahesabiwa upya kesho asubuhi. Saa ileile ya ndoa!

Ofisini kalenda imeondolewa ukutani. Meneja anasema yeye alijua tangu mwanzo kwamba kuna mchezo. Mhasibu amefungua mlango. Kibandani kwa Fundi hakuna foleni hata ya mtu mmoja, na viatu vya watu vimerundikana pale, wenyewe wameingia mitini. Kila mtu ananong'ona kwamba Mheshimiwa anarudi, na akirudi ataanza na waliohudhuria mambo ya Fundi. Kimbelembele simwoni. Bila shaka kashika mwavuli mahali.

Nifanye nini? Nikionekana kesho nimekaa na Fundi meza moja, kwaheri stoo, pengine kwaheri na kazi. Nisipoonekana, binti...

Saa mbili usiku jibu likanijia. Tumbo! Kesho nitaumwa tumbo mpaka matokeo yatangazwe. Mheshimiwa akishinda, mimi sikuhudhuria. Fundi akishinda, nilikuwa mgonjwa, nani amlaumu mgonjwa? Na nikipata nafuu mapema, nawahi vyote viwili. Akili ya namna hii haifundishwi shuleni.

Jumamosi, 14 Machi

Nimelala na redio chini ya mto. Mke wangu kavaa ile shali ya posa, Fundi aliirudisha tangu Jumanne. Kasimama mlangoni akasema anaujua ugonjwa wangu, hauko tumboni. Akaenda.

Kisha binti akaingia, kavaa nguo yake ya harusi. Sikujua kwamba amependeza hivyo. Nikaguna kidogo, kwa ajili ya tumbo. Aliweka viatu vyangu karibu na kitanda, amevipiga rangi vinang'aa. Akasema, tutakusubiri, Baba. Nilitaka kuamka. Naapa nilitaka. Mguu mmoja ulishafika chini. Redio ikasema Mheshimiwa anaongoza.

Nikaurudisha mguu.

Redio ikasema wamesitisha. Ikapiga muziki. Ikasema wanaendelea. Muziki tena! Nilijikunyata nikiisikiliza huku jasho likinitoka, tumbo sasa likiuma kweli. Mwishowe ikatangaza. Fundi viatu, kwa kura nyingi kuliko zile za mwanzo!

Nilikurupuka. Shati nimelifungia njiani. Nilikimbia mji mzima na vile viatu havikunibana hata kidogo.

Kwa msajili palikuwa kimya. Mwenyewe alikuwa anapanga viti. Nikamwambia mimi ndiye baba wa bibi harusi. Akanitazama kwa huruma, akasema baba wa bibi harusi ameshatia saini. Nikasema haiwezekani. Akasema walimsubiri mtu, wakasubiri sana, binti hakutaka kuanza, mpaka maharusi wa zamu iliyofuata wakaanza kulalamika. Ndipo mtu mmoja mwembamba, kabeba mikoba ya akina mama wote, akajitolea kukaa kwenye kiti.

Kimbelembele!

Mke wangu anasema alilia vizuri sana. Anasema binti alimshukuru, na hakugeuka tena kutazama mlango.

Jumapili, 15 Machi

Nilikwenda kituoni kuwaaga. Binti aliniamkia kwa heshima zote, vilevile anavyomwamkia Meneja. Nilikuwa nimeandaa hotuba kuhusu tumbo. Hakuniuliza habari za tumbo. Basi lilipoondoka nilipunga mkono upande ambao sio, dirisha lake lilikuwa upande wa pili.

Fundi alinishika bega. Akasema kiti cha stoo kitatangazwa na kila mtu ataomba kwa karatasi zake, mimi, Kimbelembele, yeyote. Hakuna cha mkwe wala cha mwavuli. Yote yale, basi, kwa ajili ya nini? Nimelia njia nzima. Mke wangu alinipita akatembea mbele.

Nyumbani, kimya. Kiti cha dirishani kitupu.

Lakini jioni muuza magazeti kanipenyezea jambo. Uchaguzi ujao Fundi hatagombea tena, ameshasema kipindi kimoja kinamtosha. Na anayetajwa kumrithi ni nani? Seremala! Yule yule wa kibanda cha pili. Mji mzima unacheka. Mimi sicheki mambo kama haya. Seremala ana mvulana darasa la sita. Binti yangu mdogo yuko darasa la tano, na miaka inakwenda mbio. Mwanzo wa urafiki ni kazi ndogo tu ya mkono. Kesho mapema, kabla watu hawajastuka na kupanga foleni, nitampelekea kiti akitengeneze.

Vyetu vyote ni vizima. Nitavunja kile cha dirishani, hakina mtu sasa.