Somo la "Lend" na "Borrow" Mkolani

Enzi za ruksa, biashara ilipoachiwa huru na viwanda vya minofu ya sangara vilipofumuka pale ziwani, uvumi ulienea Mwanza kwamba anayejua Kiingereza hashiki kisu, anasimamia wanaokishika. Uvumi ulimkuta Nestory hana hata nauli ya meli ya kurudi kwao Bukoba. Wiki ile ile akafungua tuisheni ya Kiingereza mtaani Mkolani.

Kiingereza chake, tusimsingizie, kilikuwa maneno mawili, lakini aliyajua barabara.

"Kwetu anayetoa anaazima na anayepokea anaazima," aliwaambia wanafunzi wake ishirini. "Mzungu hataki fujo hiyo. Mwenye kitu ana-lend, asiye nacho ana-borrow. Na bila vitendo somo haliingii. Mihayo, hebu hiyo saa yako."

Mihayo akavua saa, akasema "lend", akapigiwa makofi. Kesho yake ikaja redio kaseti, kisha baiskeli. Kila mtu alileta kikubwa kuliko cha mwenzake, maana mwalimu aliahidi kuwa mwenye kitu kizito ndiye atakayeelewa haraka. Vyote vikarundikwa chumbani kwa Nestory, kusubiri pamoja naye meli ya Ijumaa.

Ijumaa asubuhi Ayoo, binti muuza maandazi kutoka Shirati, ambaye hakuwa ameleta kitu, akanyoosha mkono.

"Samahani mwalimu. Wiki nzima sisi tuna-lend, wewe una-borrow. Kule kiwandani wakituuliza upande wa pili je?"

Darasa likaguna. Kumbe walifundishwa nusu.

"Haya, borrow," Nestory akasema, akiokota kipande cha chaki. "Unataka chaki?"

"Chaki nyepesi, mwalimu. Nataka ufunguo wa chumba chako, na vilivyomo."

Macho yote yakamwelekea. Angekataa, wangeuliza kuna nini. Akatoa ufunguo, Ayoo akashukuru na kutoka. Nestory alitaka kumfuata, lakini kila mmoja alidai zamu yake ya ku-borrow, na hadi saa sita mwalimu hakuwa na tai, kalamu wala mkanda.

Alifika nyumbani ameshikilia suruali. Chumba kilikuwa kitupu, hata godoro halikuwepo.

"Yule dada kapakia kwenye mkokoteni," akasema Dorotea, mama mwenye nyumba. "Kasema umemwazima vyote mbele ya darasa zima. Si kweli?"

"Ni kweli," Nestory akajibu, na ilimuuma, maana ndiyo kweli ya kwanza aliyoisema wiki ile.

"Mwalimu," Mihayo akaita mlangoni, wenzake nyuma yake, "mafunzo yameisha. Tumefuata vitu vyetu."

Nestory akafungua mdomo awaeleze tofauti ya kuazima na kuiba. Lakini hiyo waliijua tangu kwao, na wawili walishaanza kukunja mikono ya mashati.