Sehemu ya Pili Ilikuwa Saa Sita

Leo nimepata aibu ya mwaka muzima, na mwaka wenyewe haujafika hata katikati.

Naandika hii nikiwa chumbani, mulango nimeufunga. Mama iko nje. Ni muzima kabisa. (Mushike hilo neno, mutalihitaji.)

Nianze mwanzo. Mujomba wangu anakaa Masisi, ana ng'ombe, anatengeneza fromaji, yaani jibini. Zile za duara, ukizipanga chini zinafanana na magurudumu. Anazituma kwa mama, mama anaziuza hapa kwetu Majengo, Goma. Lakini mara ya mwisho zililala nyumbani wiki mbili. Si kwamba zilikuwa mbaya. Watu wa avenyu yetu hawakujua tu kama mama anauza. Mama ni mutu wa kimya. Akiuza kitu anakiweka juu ya meza, halafu anaangalia upande mwingine kama vile kitu si chake.

Mujomba akapiga simu: "Dada, usikasirike. Kama zinazokuja nazo zinalala, zingine nitampa mama mumoja wa Sake."

Mama hakukasirika. Alisema tu: "Basi nitarudi kwenye makala."

Makala, yaani mukaa aliokuwa anauza, aliyaacha sababu ya kifua. Mwaka ule wa makala tulikuwa tunasikia kikohozi chake tangu barabarani, kama jenereta inayokataa kuwaka. Mimi sitaki tena ile jenereta nyumbani.

Nikajiambia: Riziki, weye njo mutoto wa kwanza, weye njo unajifanya unajua kuandika. Fanya publisite, tangazo la kuuzia!

Nikatafuta video. Nikapata bwana mumoja mwenye kravati shingoni anayefundisha kuandika publisite. Anasema: "Usimupe musomaji kila kitu. Muache na njaa. Anza kwa uzito. Kitu chenyewe ukifiche. Halafu kata, palepale anapotaka kujua. Atangoja." Nikaangalia mara tatu. (Mega za intaneti zilikuwa za mama. Pole, mama.) Mara ya tatu nikajisikia profesa.

Sasa leo asubuhi, saa kumi na mbili, Mujomba anapiga: lori imeshapita Sake, fromaji zinafika leo, siku mbili mbele ya siku tuliyoingoja. Mama akavaa mbio, akachukua beseni na telefone yake yenye betri kidogo, aende kule malori ya Masisi yanaposhushia mizigo. Kwenye mulango akanyoosha mukono anitengenezee kola ya shati ya shule. Nikaukwepa.

"Mama, acha! Mimi si mutoto wa primeri!"

Akacheka kidogo, akaenda. Na mimi nikakaa kuandika.

Foto kwanza. Nikachagua foto nzuri ya mama, ile ya kanisani, amevaa kitenge na kichwa amefunga vizuri. Nikatoa rangi, ibaki nyeusi na nyeupe, sababu bwana wa kravati alisema rangi nyingi inaua siri. Telefone ikaniuliza kama nataka pambo la pembeni. Nikachagua maua meupe. (Mengine yalikuwa ya Noeli. Mungefanya nini?)

Halafu maneno. "Anza kwa uzito." Ni maneno gani mazito zaidi hapa kwetu? Nikakumbuka yale ya redio, yale yanayofanya baba wa jirani apandishe sauti ya redio na watu wote wanyamaze. Nikaandika:

"KOMUNIKE. Familia ya Mama Riziki wa Majengo inawajulisha ndugu, jamaa na marafiki wote, wa hapa Goma na wa Masisi, kwamba leo asubuhi mapema jambo ambalo hatukulitazamia… (Mengine saa sita. Kaeni tayari.)"

Nikasoma. Nikasoma tena. Nikajipigia makofi mwenyewe. Sehemu ya pili ilikuwa tayari kichwani: "…limetufikia! Fromaji safi ya Masisi, kwa Mama Riziki, mbele ya siku yake!"

Nikatuma kwenye grupe ya avenyu, kwenye grupe ya kwaya ya mama, na kwenye grupe ya familia. Nikaenda shule nikitembea kama mutu mwenye ofisi.

Saa mbili na nusu, katikati ya jeografia, telefone inaanza kutetemeka mufukoni kama maharagi kwenye mukebe. Nikachungulia chini ya banki yangu ya kuandikia.

"Eeh Mungu wangu!"

"Haiwezekani! Jana tuliongea naye sokoni!"

"Nani atuambie ukweli? Nimekosa nguvu."

Na vile vichwa vidogo vya kulia machozi, vingi, mustari baada ya mustari. Rafiki zangu, nilifurahi! Nikasema: ona watu wanavyoguswa! Wamekosa nguvu! Na bado hawajaonja!

Pale pale kivuli kikaanguka juu ya daftari yangu. Alikuwa mukubwa wa nidhamu ya shule. Sisi tunamuita Disiplini, yeye hajui. (Sasa anajua.)

"Leta."

"Papa, tafazali, ni mambo ya familia."

"Mambo ya familia yatangoja masomo yaishe."

"Lakini papa, sehemu ya pili iko saa sita!"

"Sehemu ya pili ya nini?"

Nikamupa telefone tu. (Hata yeye nilimuacha na njaa. Ni kipaji.)

Telefone ikaingia mufukoni mwake. Saa sita ikafika, ikapita. Nilikuwa naangalia saa ya ukutani na kujipa moyo: si kitu, wakingoja zaidi, njaa inaongezeka. Nilipopewa telefone yangu, saa saba kasorobo, ilikuwa imezimika. Betri hakuna.

Nikashika njia ya nyumbani. Karibu na kona yetu nikakuta papa mumoja wa chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kusukuma, amepakia viti vya plastiki mupaka juu, anasukuma, anatoka jasho. Viti vingi hivyo, kila mutu anajua vinaenda wapi. Nikamuuliza kwa ucheshi wangu:

"Papa, matanga ni kwa nani leo?"

Akaniangalia. Akaangalia uniforme yangu. Akasimamisha chukudu, akatoa kofia.

"Weye si njo binti wa Mama Riziki?"

"Ndiyo, papa."

"Panda, mutoto wangu. Nitakusukuma."

"Lakini papa, iko muzito!"

"Panda tu."

Nikapanda. (Ya bure ni ya bure.) Nikakaa juu ya viti kama malkia, nikawa napungia mukono watu ninaowajua. Hakuna aliyenipungia. Mama mumoja muuza ndizi akafunika mudomo na kitenge. Nikasema, leo watu wa Majengo wana nini?

Tukakata kona. Chukudu ikasimama mbele ya nyumba yetu.

Bashe, turubai ya kivuli, imefungwa tayari, kutoka dirisha letu mupaka kwenye ukuta wa mawe. Moto unawaka, sufuria ya chai juu yake. Wamama wamekaa chini kwenye mikeka, vichwa wamefunga. Wababa wamesimama wamefunga mikono. Mama Shantali, prezida wa kwaya, akanijia mbio, akanikumbatia mupaka nikakosa pumzi.

"Pole, Riziki. Pole, mutoto wangu. Mungu amemupenda zaidi."

"Amemupenda nani?"

"Mama yako."

Ndugu zangu, hapa sitafanya ucheshi. Nilikaa juu ya mawe na kulia kama sijawahi kulia. Kitu kimoja tu kilikuwa kichwani: ule mukono uliokuja kwenye kola yangu asubuhi, na mimi nikaukwepa. Nikasema, Mungu, murudishe tu kidogo, atengeneze kola, mimi nitasimama kimya mupaka jioni.

"Ilitokea wapi?" nikauliza katikati ya machozi.

"Hatujui bado," Mama Shantali akasema. "Telefone yake haipatikani. Tuliona tu komunike."

Jirani yetu Muzee Bahati akasimama, akavaa miwani, akachukua telefone ya mutu, asomee wale waliochelewa kufika. Ana sauti ya kanisani. Akasoma: "Familia ya Mama Riziki wa Majengo inawajulisha ndugu, jamaa na marafiki wote…"

Wamama wakalia upya. Mimi nikalia pamoja nao, na kweli, katikati ya kilio nikawaza: huyu aliyeandika anajua kazi. Maneno yanaingia mupaka ndani.

"…kwamba leo asubuhi mapema, jambo ambalo hatukulitazamia…"

Kilio changu kikakatika katikati. Mudomo ukabaki wazi.

Rafiki zangu, nilikuwa nimelia matanga ya publisite yangu mwenyewe.

Mama Shantali akanipapasa mugongo: "Lia, mama, usijizuie." Na mimi nifanye nini? Niliangalia bashe. Niliangalia viti. Niliangalia mikate iliyopangwa kwenye karai, watu wametoa mufukoni mwao. Nikaona moja tu ya kufanya.

Nikaendelea kulia. (Munihukumu. Lakini mungekuwa ninyi mungelia pia, na kwa sauti zaidi.)

Nikiwa bado natafuta njia ya kutokea nyuma ya nyumba, moto, pikipiki ya kukodi, ikasimama barabarani. Juu yake mama. Beseni ya fromaji magotini, imefunikwa na nailoni. Mama akaona bashe. Akaona moto na sufuria ya chai. Akaona wamama wa kwaya yake wamefunga vichwa mbele ya mulango wake mwenyewe.

Beseni akamuachia mwenye pikipiki. Akashika kichwa.

"Ni nani? Ni Riziki? Ni Riziki wangu? Semeni!"

Hapo watu wakamuona. Ile kelele sitaisahau. Papa wa chukudu alikuwa wa kwanza kukimbia, akaingia katikati ya viti vyake, viti vikaanguka vyote. Mumoja wa kwaya akaanza kuomba kwa nguvu. Muzee Bahati hakukimbia, sababu ya magoti, lakini alitoa miwani, akapangusa, akavaa tena, akatoa tena.

Mimi niliruka. Nikamukumbatia mama katikati ya barabara.

"Uko muzima!" anasema.

"Na weye uko muzima!" nasema.

"Sasa nani amekufa?" anauliza watu.

Watu wakaangaliana. Mama Shantali akajibu polepole, kama mutu anayeomba ruhusa:

"Weye, mama."

Macho yote yakaanza safari. Kutoka kwa mama, kupitia telefone ya mukononi mwa Muzee Bahati, mupaka kwangu. Muzee akakohoa.

"Riziki. Hapa chini imeandikwa: 'Mengine saa sita.' Sasa ni saa saba na nusu. Sisi tumekaa tayari kama ulivyosema. Hayo mengine ni nini?"

Kuku wa jirani alinyamaza. Naapa.

Nikaangalia chini. Sauti ilitoka ndogo, kama ya mutoto wa primeri kweli:

"Mengine ni… fromaji imefika."

Hakuna aliyecheka. Bora wangecheka! Waliniangalia tu, wamama waliofunga vichwa, wababa walioacha kazi, papa wa chukudu chini ya viti vyake. Nikatamani ardhi ipasuke, na hapa Goma, chini ya volkano, hilo si jambo la kutamani ovyo.

Aliyesema kwanza ni Muzee Bahati. Aliangalia beseni.

"Ni ya Masisi kweli?"

"Ya kwa kaka yangu," mama akasema.

"Kata moja. Chai iko, mukate uko. Hata matanga bila maiti, watu wanakula."

Mama akakata. Muzee Bahati yeye ni wa kule kule milimani, ni miaka mingi hajarudi. Akaweka kipande juu ya mukate, akafunga macho, akatafuna. Tukangoja. (Tena kungoja!) Alipofungua macho yalikuwa na maji.

"Hii ni ladha ya majani ya kwetu," akasema. "Mama Riziki, weye ulikuwa na hii, nyumba ya pili kutoka kwangu, na ulinyamaza?"

Basi njo kucheka kukaanza. Kwanza mama mwenyewe, amekaa chini kwenye mukeka wa matanga yake, anacheka mupaka anashika mbavu. Halafu kwaya. Halafu kila mutu anataka kipande, halafu kila mutu anataka nzima. Mama Shantali akasema, "Mimi nilikulilia tangu saa tatu, nipe ile kubwa." Papa wa chukudu akataka ya kupelekea muke wake, asidhani alishinda ulevini. Kabla ya saa kumi, beseni ilibaki na fromaji tatu. Mama akampigia Mujomba, akamuambia atume zingine wiki ijayo, na zile za mama wa Sake azifikirie tena. Nilimusikia anaongea kwa sauti kubwa. Mama yangu! Kwa sauti kubwa! Na hakukohoa hata mara moja.

Nikadhani nimepona. Nikaanza kuwaza, kweli, publisite imefaulu, pengine nianze kutoa mafunzo.

Watu walipoenda, mama akanijia. Nikaganda. Akanyoosha mukono, akanitengenezea kola, polepole, pande zote mbili. Nilisimama kimya kama nilivyoahidi.

"Riziki."

"Mama?"

"Kuna kitu nitakufanyia."

"Kitu gani, mama?"

Akaangalia upande mwingine, kama vile kitu si chake.

"Mengine kesho saa sita."

Njo maana nimejifungia hapa. Sijala. Nahesabu masaa. Yule bwana wa kravati hakusema uongo, musomaji kweli anangoja. Musinicheke, tafazali. Na kesho mukiona foto yangu nyeusi na nyeupe na maua meupe pembeni, muamini mara hii, na mulete mukate tu. Fromaji tatu bado ziko.