Kamusi Niliyoiazima Februari

Alhamisi, 1 Agosti 1957

Shule imekwisha wiki iliyopita. Leo nimeikuta kamusi ya shule chini ya kitanda changu. Niliiazima Februari. Aibu. Jumanne nina usaili katika maktaba ya mji, na Bi Thirkettle, mkutubi, anajulikana mkoa mzima wa Norfolk kwa jambo moja: husamehe yote ila kitabu kisichorudishwa. Nafasi ni moja tu. Naitaka kuliko kitu chochote.

Ijumaa, 2 Agosti

Nimekwenda kwa Kasisi Ollard aniandikie barua ya tabia njema. Akauliza kama kuna lolote linalonisumbua. Nikasema hakuna. Akacheka, akasema kila mtu ana peccadillo zake. Sikuthubutu kumuuliza maana. Nimeitafuta nyumbani, katika kamusi ileile. "Kosa dogo, dhambi isiyo na uzito." Nimefarijika sana. Ila haisemi dogo kiasi gani.

Kuirudisha siwezi. Mwalimu mkuu atanitazama.

Jumatatu, 5 Agosti. Sikukuu

Kila mwaka siku hii kanisa huuza vitu vikuukuu ukumbini. Nimejitolea kupanga vikombe, kisha nikaisukuma kamusi chini ya rundo la kofia. Atakayeinunua ataondoka na kosa langu. Hakuna aliyeniona.

Jioni shangazi Enid amefika na kifurushi. Alikuwa wa kwanza kwenye foleni, tangu alfajiri. "Nimempiga kiwiko mke wa muuza nyama kwa ajili yako, mwanangu," alisema. "Mtu wa maktaba bila kamusi ni mshonaji bila sindano."

Ni ileile. Nimemshukuru. Nimelia kidogo. Akadhani ni furaha, naye akalia.

Jumanne, 6 Agosti

Shangazi amenisindikiza. Kabla sijaketi, akaitua kamusi mezani kwa Bi Thirkettle, akasema: mtoto huyu na vitabu, mama, wewe tazama mwenyewe. Bi Thirkettle akatazama. Ukurasa wa kwanza, muhuri wa shule. Jina langu. Februari. Shangazi akasoma naye, akaketi kwenye kiti changu.

Nikakiri yote, hata kofia. Nikaongeza kwamba ni peccadillo tu. Bi Thirkettle akauliza nani kanidanganya. Nikaionyesha kamusi kwa kidole. Akakohoa muda mrefu ndani ya kitambaa. Kisha akasema hapana, binti, hilo lako lina jina jingine, na maktaba inayo kamusi kubwa ya juzuu mbili itakayonifundisha tofauti. Hiyo haivuki mlango kamwe. Ya shule niirudishe leo. Kazi nianze kesho, majaribio ya mwezi mmoja.

Nimeirudisha. Mwalimu mkuu alinitazama.

Jumatano, 7 Agosti

Siku ya kwanza kazini. Nimeapa kuwa mtu mpya. Nilitaka kuanza kwa kujifunza tofauti ile, lakini kusimama mbele ya wasomaji wote nikifunua maneno ya makosa, haya zilinizidi. Ilikuwa ikinyesha, kwa bahati. Nimetoka na juzuu moja ya kamusi kubwa chini ya koti la mvua. Nia ni njema, na ni usiku mmoja tu. Ni nzito kweli. Bi Thirkettle alinifungulia mlango, akasema nijiangalie na utelezi.

Nimeifungua sasa hivi. Inaishia herufi L. Neno langu, peccadillo, limo katika juzuu ya pili.

Kesho nitaichukua na hiyo, nizirudishe zote mbili kwa pamoja.