Lita Moja Inayopotea Kila Siku

Jumatatu, 4 Machi

Nimeitwa uani kabla sijamaliza chai. Mama mkwe alikuwa amesimama juu ya sakafu yake mpya ya saruji, mikono kiunoni, akikitazama kidoa chekundu chini ya gari kama mtu aliyekuta maiti. Hakunisalimu. Aliniuliza kama naona anachokiona. Nikasema naona. Akauliza ni nini. Nikasema kwamba kabla ya uchunguzi ni mapema kutoa kauli. Akasema yeye kauli anayo: Jumamosi anakuja mnunuzi wa vyuma chakavu, na gari likiwa bado linadondosha, wataondoka pamoja.

Gari ni pikapu kuukuu ya marehemu baba mkwe. Aliwaachia watoto wake wawili: mke wangu na kaka yake. Asubuhi naliendesha mimi, nikisambaza mikate ya mke wangu madukani. Mchana hadi jioni analichukua shemeji, anahamisha watu na makabati yao. Likiuzwa, mikate itarudi kwenye baiskeli, na baiskeli itanirudia mimi. Sikufundisha mantiki chuoni hadi kustaafu ili nimalizie uzee kwa kupiga kengele.

Gia zake ni otomatiki: hujibadilisha zenyewe kwa nguvu ya mafuta mekundu. Yakipungua, gari hunguruma bila kwenda. Nililiwasha, nikachomoa kijiti cha kupimia. Mafuta yako chini ya alama, yamepungua kwa lita moja. Nikaongeza lita. Niliongeza lita jana pia, na juzi.

Mwongozo wa gari unataka mtu apime mafuta haya injini ikiwa inanguruma na ikiwa imepata moto. Kunguruma nimezingatia. Moto ni sharti la kupita kiasi. Hata daktari hampimi mtu mapigo ya moyo akiwa ametoka mbioni.

Jumanne, 5 Machi

Jana jioni nilitandika katoni nyeupe uvunguni. Matokeo ya asubuhi: madoa matatu. Si meusi, kwa hiyo si ya injini. Si maji ya rejeta, maana yanateleza kati ya vidole. Ni mafuta ya giaboksi. Hoja imefungwa.

Yameangukia katikati, jambo ambalo peke yake halithibitishi kitu. Gari likienda, upepo husukuma mafuta nyuma, yakadondoka mbali na yalikotokea, kama umbeya. Washukiwa ni mabomba yanayokwenda kwenye rejeta, gasketi ya chini, na sili ya nyuma, ule mpira wa kuzuia mafuta. Sijamhukumu yeyote.

Kinachoniudhi ni hiki. Kijiti kimeonyesha tena upungufu wa lita, ilhali madoa ya kwenye katoni hayajazi hata kifuniko cha soda. Lita haitoki katika kuwapo ikaingia katika kutokuwapo bila kupita mahali. Nimeongeza.

Nilimweleza shemeji. Mtaani wanamwita Injinia kwa sababu aliwahi kutengeneza redio, ambayo hadi leo inashika stesheni moja. Alijibu huku akitafuna mkate wetu: shem, gari halivuji, linatapika, unalinywesha kama mtoto wa chupa. Nikamwambia kejeli si hoja. Akasema na mafuta si uji. Mke wangu alicheka. Sioni ni kwa msingi gani alicheka.

Jumatano, 6 Machi

Mafuta yangu yameisha, na kijiti kinadai lita kama kawaida yake. Nikaingia stoo kutafuta faneli. Nyuma ya kamba za shemeji, chini ya gunia, nikakuta dumu la mafuta mekundu, limekaribia kujaa.

Nililifungua kuhakikisha. Mtu anayekejeli wanaoongeza mafuta, anaficha dumu la mafuta! Unafiki wa namna hii sikuuona hata kwenye vikao vya idara. Nikachukua lita kwa manufaa ya familia. Rangi yake nzuri, haina uchafu. Nakiri yanafanana sana na niliyokuwa nikinunua mimi. Walau katika kuchagua mafuta ameniiga.

Jioni shemeji alilalamika mezani kwamba nyumba hii imeingia mdokozi, vitu vya stoo vinapungua. Akanitazama. Nikasema, kwa ujumla tu, kwamba udokozi ni neno linalohitaji fasili. Mama mkwe akasema yeye anahitaji sakafu, na Jumamosi haiko mbali.

Alhamisi, 7 Machi

Leo nimetumia mbinu ya kisayansi. Nimelala chali uvunguni tangu niliporudi kwenye mikate, nikasugua giaboksi lote kwa mafuta ya taa na brashi mpaka chuma kikang'aa. Kisha nikalipaka poda ya mke wangu, kopo zima. Juu ya poda nyeupe, mafuta mekundu hayawezi kusema uongo: yanapoanzia ndipo panapolowa kwanza. Mke wangu aliuliza kopo lake liko wapi. Nikamjibu kwamba liko kazini.

Mchana shemeji akalichukua gari kama kawaida, akarudi nalo jioni na kuingia ndani kunawa. Nikaingia uvunguni na tochi.

Mabomba ya rejeta makavu. Gasketi kavu. Sili kavu, nyeupe kama siku ya kwanza. Pamelowa mahali pamoja tu: kwenye bolti ya chini, ile ya kumwagia mafuta. Na kuizunguka bolti, juu ya poda, alama za vidole. Vinene. Vya mtu anayekula mikate ya wenzake.

Kwa hiyo si uvujaji, ni hujuma. Anamwaga mafuta kila siku ili gari liuzwe, apate fungu lake na anunue ile pikipiki anayoiota. Kikulacho ki nguoni mwako. Kwangu mimi, kinakaa hata mezani.

Sikumwambia mtu. Kesho nitamfumania.

Ijumaa, 8 Machi

Mpango: nijifiche ndani ya gari, sehemu ya mizigo, chini ya turubai la mikate, kabla shemeji hajalichukua. Azunguke nami bila kujua. Akimaliza kazi, amwage, niibuke.

Kasoro ya mpango: shemeji alikuwa na kazi ya kuhamisha kabati. Kabati liliwekwa juu ya turubai. Nilisafiri mtaa mzima na kabati la watu kifuani, na droo yake ikinigonga kidevuni kila kona. Sikutoa sauti. Walipolishusha, mwenye kabati alisema turubai limekohoa. Shemeji akamwambia ni springi.

Tulirudi uani jua likielekea kuzama. Akazima gari. Nikasikia kifuniko cha injini kikifunguliwa, kijiti kikichomolewa, shemeji akisonya. Akajisemea kwamba huyu mwalimu ataliua gari kwa kulizamisha, tazama mafuta yalivyopita alama. Kisha akaingia uvunguni na jagi. Bolti ikalia. Mafuta yakaanza kutiririka.

Jagi likajaa, akaikaza bolti, nikaibuka. Nilikuwa nimetayarisha sentensi, lakini mguu ulikuwa umekufa ganzi, nikaanguka kando ya gari na turubai langu. Shemeji akapiga yowe akamwaga jagi lote. Lita nzima, juu ya saruji mpya.

Mke wangu alitoka mbio, mikono imejaa unga. Mama mkwe akamfuata bila haraka yoyote, jambo lililotutisha zaidi.

Nikamshtaki mbele yao. Nikasema anamwaga mafuta kwa siri. Akasema anamwaga ziada ninayojaza mimi kwa siri, na anaihifadhi kwenye dumu, ila kuna mdokozi anayelipunguza. Mke wangu akaniuliza mafuta niliyojaza juzi na jana niliyatoa wapi. Nikaomba tusitoke kwenye mada.

Mke wangu akaleta mwongozo, akausoma kwa sauti: injini iwe imepata moto, na iwe inanguruma. Akaniuliza napima lini. Alfajiri, nikasema, likiwa baridi, linanguruma. Akamgeukia kaka yake. Jioni, akajibu shemeji, likiwa moto, akiwa amelizima, maana kupima gari linalonguruma ni sawa na kumhesabia mtu meno akiwa anaongea. Kwa hiyo, akasema mke wangu, kila mmoja ameshika nusu ya sentensi. Baridi husomeka pungufu, mume anajaza. Likizimwa husomeka kupita kiasi, kaka anamwaga. Na bolti ikifunguliwa kila siku, lazima idondoshe.

Mama mkwe akasema gari halina maradhi, lina wauguzi wawili. Halafu akatukabidhi sabuni na brashi, kila mtu na yake, tuanze na saruji.

Jumamosi, 9 Machi

Mnunuzi wa vyuma chakavu alifika. Mama mkwe akamrudisha. Alimwambia gari haliuzwi, ila kama ananunua wakwe chakavu anaye mmoja, na mtoto wa kiume atamwongezea bure. Mnunuzi alinitazama kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Bolti imekazwa kwa washa mpya, ile pete ya kuziba chini yake. Mafuta yamepimwa na mke wangu, injini ikiwa moto, ikinguruma. Yapo kwenye alama. Kifuniko cha injini kimefungwa kwa kufuli, na ufunguo umo katika mkoba wa mama mkwe. Mimi na shemeji tumekatazwa kuugusa. Kuniweka fungu moja na Injinia ni matusi, lakini nimeyapokea.

Jumatano, 13 Machi

Katoni ni nyeupe. Hakuna hata tone. Itambulike kwamba bila poda yangu bolti isingejulikana, na bila bolti ukweli usingejulikana. Nimelieleza hili wakati wa chai. Mke wangu aliuliza tu ni lini nitamnunulia kopo jingine.

Alhamisi, 14 Machi

Jambo jipya. Alfajiri hii, kabla ya kuondoka, nilipima upepo wa magurudumu. Yote manne yamepungua. Nikajaza kwa pampu ya mguu mpaka kwenye kipimo hasa.

Ijumaa, 15 Machi

Alfajiri: yote manne yamepungua tena. Nimejaza. Hakuna msumari, hakuna tundu, nimeyapaka povu la sabuni na hakuna kilichobubujika. Upepo nao hautoki katika kuwapo ukaingia katika kutokuwapo bila kupita mahali.

Na jana jioni, gari liliporudi kutoka kazini, nilimsikia shemeji akimlalamikia mke wangu kwamba siku hizi magurudumu ni magumu kama mawe, sijui nani anayajaza. Ujanja wa kitoto. Anatangulia kulalamika ili asishukiwe.

Safari hii simwambii mtu. Turubai bado ninalo, na nimeuliza: kesho hakuna kabati.