Neno "Upotevu" Lifutwe Kwenye Faili Langu

Kwa Mkubwa wa Maabara,

Shikamoo kama umenizidi umri, ingawa sidhani, basi marahaba. Anayeandika ni mkwe wangu, mimi nasema tu. Mwandiko ukipinda ni wake, maneno ni yangu.

Jumatatu nilikuja kwako kujitolea. Mlisema mnataka kujua umeme unapitaje kwenye nyama nzima, ili siku moja mtambue uvimbe mbaya bila kumkata mtu. Jambo jema. Nikawapa mkono. Malalamiko ndiyo haya:

1. Kijana wenu wa vipimo alinigusa na kijiti cha chuma chenye waya, akasema kinatoa mawimbi kama ya lile jiko la kupashia chakula. Bwana Mkubwa, mimi ni kiporo? Na mbona sikupata hata joto? Goti langu linaloniuma lilikuwa pale pale, linangoja.

2. Kabla yangu alipima hewa, halafu maji kwenye glasi, eti kijiti kizoee. Nimezaa watoto saba, leo nashika foleni nyuma ya hewa.

3. Hapa ndipo penyewe. Akatazama kompyuta, akasema kwa sauti, "Bibi, nyama yako ina upotevu mkubwa." Nyuma ya pazia amekaa fundi cherehani, aliyefiwa na mkewe, anangoja zamu yake. Huyo fundi ameniposa. Tangu siku hiyo hajakanyaga kwangu. Mkwe wangu anasema huo ni upotevu wa umeme, unapotelea mwilini ukageuka joto. Haya, nani aende kumweleza fundi? Mimi? Nikamwambie nina joto?

4. Kijana akaongeza kwamba mafuta yana upotevu mdogo. Dada yangu ni mnene kama gunia la pamba, na amevunja ndoa tatu, mbili za watu. Kwa kipimo chenu yeye ndiye mcha Mungu?

5. Kwa hiyo naomba neno lifutwe, iandikwe "bibi huyu ametulia". La sivyo mpimeni kila mtu mtaani, kuanzia wewe, namba zibandikwe mlangoni, tujue mpotevu nani.

Nisalimie wote hapo, hasa yule anayefagia, maana ndiye pekee aliyenipa kiti.

Mimi niliyetulia,
Bibi mwenye mkono

N.B. Bahasha haijafungwa, fundi akabisha hodi. Kumbe siku ile naye alipimwa, tena kwenye kitambi, akaambiwa upotevu wake mdogo sana. Akaingiwa na aibu. Ameniambia, "Niliona sitakutosha." Basi neno msilifute, likolezeni wino. Ila yeye mrudieni kipimo, safari hii mkononi.