Binti Niliyemwandikisha Bujumbura

Jumanne, 1 Julai 2025

Baridi. Upepo wa Nzuguni umeingiza vumbi hadi ndani ya kopo la sukari. Nimekunywa chai hivyo hivyo.

Saa nne simu imelia. Msafiri! Nilimfundisha darasa la tano, siku hizi anaendesha lori la mizigo kwenda Burundi. Ametoa shikamoo, akaomba radhi kwa kunisumbua saa za kazi. Nimestaafu tangu mwaka juzi. Nimemwambia hakuna shida, nina nafasi kidogo.

Habari yenyewe ni hii. Bujumbura kuna shule ndogo ya lugha na masomo ya ziada. Mwenyewe ni mama mmoja, Madamu Godeliva, anatafuta mwalimu wa Kiingereza. Msafiri alimpelekea madawati, akamwambia yuko mwalimu Dodoma aliyeweza kumfundisha hata yeye, na darasa zima linajua alivyokuwa mzito. Chumba cha kulala kipo. Mchana walimu na wanafunzi hula pamoja, meza moja ndefu.

Nimemwomba arudie hapo kwenye meza.

Tangu mke wangu Dorkasi afariki, mwaka jana wakati wa kuvuna karanga, nakula nimesimama jikoni. Nikikaa mezani kiti cha pili kinanitazama.

Msafiri anapita Dodoma Jumatatu tarehe 14. Nafasi ipo kwenye lori. Ila amesema, Mwalimu, ichunguze kwanza hiyo shule, kuna watu walikwenda nje kufundisha wakaishia kufungua geti. Nimemjibu kwa sauti nzito kwamba mimi si mtoto, nitachunguza.

Sijui shule inachunguzwaje. Miaka yote ni shule zilizonichunguza mimi.

Alhamisi, 3 Julai

Nimekwenda kwa jirani yangu Mwanamvua, anauza vitumbua barazani kwake. Nimemweleza. Ameniuliza Bujumbura iko wapi, nikamwonyesha kwa mkono, nadhani nilionyesha Morogoro.

Akasema kuchunguza ni jambo rahisi. Posa yake ilipoletwa kwao Kondoa, mama yake mdogo alijifunga kanga chakavu, akapita nyumbani kwa akina bwana harusi kama msafiri tu, akaomba maji ya kunywa. Hawakumjua. Huko ndiko kuchunguza, kwa sababu mtu anayejua unamtazama hukupa kikombe, asiyejua hukupa kopo. Walimpa kikombe, wakamtandikia na mkeka. Posa ikakubaliwa.

Nimeuliza kama ndoa ilikuwa njema. Akasema njema sana, ila marehemu alikuwa anakoroma kama mashine ya kusaga, na hilo maji hayawezi kukuambia.

Nimerudi nyumbani ninatembea haraka. Nina mpango!

Kosa moja tu leo. Nilipita Majengo kununua mlenda mkavu, nikakutana na Mwalimu Lameck wa Chang'ombe. Tulistaafu pamoja. Alifundisha Hisabati, ila hujiita mtu wa Kiingereza kwa sababu aliwahi kukaa Nairobi wiki mbili. Nilijiambia nisimwambie. Nikamwambia. Akaandika jina la shule kwenye kiganja.

Ijumaa, 4 Julai

Mpango: nitaiomba shule maji bila wao kunijua. Nitaandika kama mzazi anayetafuta nafasi ya mtoto. Wakinijibu kwa kopo, siendi.

Namba yangu Msafiri ameshawapa, kwa hiyo nahitaji nyingine. Laini ya Dorkasi bado iko hai. Kila mwezi naiwekea vocha ndogo ili wasiifunge na kumpa mtu mwingine namba yake. Simu yenyewe iko kabatini, nimeifunga kwa kitambaa chake cha kichwani.

Nimeandika kwa wasapu. Tunahamia Bujumbura kikazi, nina mtoto wa miaka kumi na moja, je, mnapokea? Nikatuma. Baada ya kutuma ndipo nilipokumbuka kwamba kwenye simu ile kuna jina la Dorkasi na picha yake ameshika ungo, anacheka. Kwa hiyo mimi ni mama.

Jina la mtoto nilikuwa nimeshaliandika. Kidole kiliandika Emiliana kabla sijakiruhusu. Tulikuwa nalo akiba, mimi na Dorkasi. Halikupata mtu.

Si kitu. Mpango huu hauna kasoro.

Jumamosi, 5 Julai

Asubuhi simu ya Dorkasi imelia kabatini.

Nimemwaga uji. Nimesimama katikati ya chumba na mwiko mkononi, sijui kwa muda gani. Haijalia tangu wiki ile ya msiba.

Ni Madamu Godeliva! Hakuandika, ametuma ujumbe wa sauti. Sauti nzuri, ya taratibu, Kiswahili cha kwao. Ananiita mama mwenzangu. Anauliza Emiliana ni mtoto wa namna gani. Ana haya? Anaogopa nini? Kuna chakula asichokula? Siku ya kwanza watoto wageni huketi naye mwenyewe mpaka wazoee.

Ada hakuitaja kabisa.

Kikombe! Tena na kisahani chini!

Nilitakiwa kuishia hapo. Badala yake nimejibu. Nimeandika kwamba Emiliana ana haya mno, mbele za watu hasemi, husikiliza tu. Apewe dawati la mbele kwa sababu ya macho. Anapenda ukoko wa ugali kuliko ugali wenyewe. Anaogopa bata mzinga. Nilipotazama dirishani jua lilikuwa limeshahama upande wa pili wa ua.

Madamu akaomba kusikia sauti yangu. Nikaandika kwamba vumbi la Dodoma limenikausha koo, sauti haitoki. Akaniambia nichemshe tangawizi, niweke asali.

Nimechemsha. Nimekunywa. Sijui kwa nini.

Jumatatu, 7 Julai

Sabasaba. Watu wote wana watu wao leo.

Dorkasi sikukuu alikuwa anatoa viatu vyangu juani asubuhi ili nivivae vikiwa na joto. Leo nimevitoa mwenyewe. Nikavisahau, nikavikuta jioni vimepoa.

Lameck amepiga. Ameiandikia shule! Ameitwa mwombaji mwenye sifa. Ametuma video yake akifundisha mbele ya ukuta, amevaa tai mpya aliyoinunua Majengo. Kisha akaniuliza, kwa upole wa kutia hasira, kama nitaweza kumtunzia kuku wake akishaondoka.

Nimesema tutaona, Ticha. Nimekata simu. Nimefungua kabati.

Mama Emiliana ameandika. Amesema hana la kuingilia, ila amesikia shule inatafuta mwalimu. Huku Dodoma yuko mmoja, anaitwa Nathanaeli, aliwahi kumfundisha Emiliana. Mtoto hasemi, lakini kwake alisema. Mwalimu huyo humsubiri mtoto amalize sentensi hata ikichukua kipindi kizima.

Maneno hayo ya mwisho si yangu. Ni ya Dorkasi, aliyasema siku ya kuniaga shuleni mbele ya walimu wote, nikaona haya nikatazama keki. Kwa hiyo hata uongo sikusema. Karibu.

Mpango huu hauna kasoro.

Jumatano, 9 Julai

NIMEPATA KAZI!

Madamu Godeliva amenipigia kwenye namba yangu. Nimejibu kwa sauti ya kiume kabisa. Ameniambia wazi kwamba tulikuwa wawili, tunalingana, na mwenzangu anaongeza Hisabati. Ila kuna mama mmoja wa Dodoma amenisifu mpaka yeye mwenyewe ametokwa na machozi. Na binti yake anakuja. Mwanafunzi wao wa kwanza kutoka Tanzania, mtoto mwenye haya, atahitaji sura anayoijua. Ndiyo maana nimechaguliwa mimi.

Nikashukuru. Nikaruka, dari ni fupi.

Kisha akasema dawati la mbele limeshawekwa karibu na dirisha. Na kwa kuwa mama wa mtoto anaonekana ni mgonjwa, sauti hata leo haijarudi, basi nimfanyie wema.

Nije naye.

Nimesema ndiyo.

Nimekaa mezani. Kiti cha pili kimenitazama kuliko siku zote.

Alhamisi, 10 Julai

Nimemwendea Mwanamvua na kumwambia yote. Amecheka mpaka kitumbua kimeungua, akafuta machozi kwa ncha ya kanga, akanitazama, akafuta tena, safari hii bila kucheka.

Nikamwuliza, kwa heshima zote, kama mjukuu wake Anifa angependa kuona Ziwa Tanganyika. Nilikuwa naeleza kwamba ni mtoto mkimya na umri unalingana alipoinua upawa. Nimeondoka kinyumenyume.

Akanifuata hadi kwenye wigo. Akasema: "Mwalimu wee! Ulimtuma mtu akaombe maji, sasa wenzako wamempikia na kumtandikia kitanda. Mpigie huyo mama. Mwambie kweli. Uirudishe simu ya mwenzio kabatini, ipumzike."

Nimeahidi.

Ijumaa, 11 Julai

Nimeshindwa. Nikimwambia kweli, atajua kwamba mama mwenzake ni mzee mwenye ndevu, na kwamba aliyemwandalia dawati hakuwahi kuwapo. Sauti ile itabadilika. Sitaki kuisikia ikibadilika.

Njia nyingine. Mtoto ameugua? Atauliza hali yake kila asubuhi. Mtoto atakuja baadaye? Dawati litabaki wazi pale mbele, na watu watakuwa wanalitazama kila siku. Naijua hali hiyo. Siwezi kuwapelekea.

Ipo njia ya tatu, fupi kuliko zote, hakuna atakayeuliza kitu tena. Niliandika herufi tatu nikafuta. Neno hilo nilishalituma kwa watu mwaka jana, kwa simu hii hii, jina kwa jina. Halitaandikwa tena humu.

Basi Mama Emiliana ameandika hivi: safari imevunjika, baba wa mtoto amebakizwa Dodoma, hatuhami tena. Emiliana yu mzima. Anasalimu. Dawati apewe mtoto mwingine mwenye macho mabaya.

Madamu amejibu kwamba amesikitika. Akauliza koo.

Jumapili, 13 Julai

Lameck amekuja kanisani na tai. Sikuhitaji kuambiwa.

Jioni Madamu Godeliva amenipigia. Ameona haya yeye, mimi nikamtuliza. Mtoto haji, na Hisabati shuleni inahitajika, na yeye ana nafasi moja tu. Ameniomba radhi mara nyingi. Nikamwambia Mwalimu Lameck ni mtu mzuri. Nilisema hivyo! Nikaongeza kwamba asimwachie kufundisha matamshi.

Nimemwambia Mwanamvua kwamba mambo yote yamekwisha na simu iko kabatini. Amefurahi. Amenipa vitumbua vinne. Nimevila nimesimama.

Jumatatu, 14 Julai

Lori limeondoka. Msafiri hakujua anitazame vipi. Alinishika mkono kwa mikono yake miwili, akasema, "Mwalimu, mimi nilikuwa nimekuwekea mto kwenye kiti."

Lameck ameukalia mto wangu. Amenipungia mkono kama kiongozi.

Nina kuku wake saba. Jogoo anawika saa tisa usiku. Kwa namna fulani, nimepata wa kukaa naye.

Jumatano, 16 Julai

Leo saa tatu simu ya Dorkasi imelia. Ahadi kwa Mwanamvua sijaivunja: ilikuwa kabatini, kwenye kitambaa, kama nilivyosema. Ila simu ikilia lazima mtu aitazame.

Ni ujumbe wa sauti tena. Madamu Godeliva amesema hajamsahau Emiliana. Dawati la mbele ameshindwa kumpa mtu. Amefikiri hivi: kila Jumamosi kuna darasa la watoto. Simu itawekwa juu ya dawati hilo na mtoto atasoma kutoka Dodoma, bila malipo, mpaka siku Mungu atakapofungua njia. Mwalimu mpya ni wa huko huko kwao, anaitwa Lameck. Na baada ya somo simu haitazimwa. Itahamishiwa mezani, katikati ya sahani, ili mtoto awazoee wenzake wakati wa chakula.

Nimeisikiliza sauti hiyo tangu mwanzo, kisha tena.

Nimefikiri kwa makini. Nimefikiri karibu mpaka uji uchemke.

Mama Emiliana amekubali.

Mtoto hatasema kitu, ana haya, nilishawaambia. Atasikiliza tu, kamera ikiwa imezimwa. Nimemnunulia daftari lenye jalada la maua na penseli mbili. Mazoezi nitayafanya mimi kwa mkono wa kushoto, niipige picha kazi yake, nimtumie Lameck asahihishe. Nitakosea mahali pawili. Mtoto asiyekosea huwatia watu shaka. Na Lameck akikosea yeye, mzazi ataandika!

Huko wanakula saa saba, ambayo kwetu ni saa nane. Nitavumilia. Jumamosi nitapika ugali wa uwele na mlenda, niubakize ukoko. Nimeshajaribu kuisimamisha simu ya Dorkasi juu ya kiti cha pili, imeegemea vizuri. Mwanamvua nitamwambia nimealikwa chakula cha mchana, na huo si uongo.

Mpango huu hauna kasoro.