Macho ya Dalali Hayana Tatizo

Jumapili, 8 Februari

Aibu jana mnadani Mkata! Nimenadi ng'ombe miaka ishirini na mbili, sijawahi kuaibika vile. Nimempa mchinjaji dume zuri kwa bei ya mbuzi, kumbe upande wa kushoto Parit amesimama na fimbo juu, anaongeza bei, na mimi simwoni. Parit ni mfugaji mrefu kuliko mlango wangu, na alikuwa amevaa shuka jekundu. Akasema nimemdharau mbele ya wazee wenzake. Mustapha, dalali mwenzangu mwenye kipaza sauti kipya, akamwambia kila mtu kwamba Mzee Jabiri macho yamekwisha. Yamekwisha! Mimi nasoma jina la basi likiwa bado liko kilimani. Kamati imesema nisipoleta cheti cha daktari tarehe 21, jukwaa ni la Mustapha. Cheti nitaleta. Mwenye macho haambiwi tazama.

Jumatatu, 9 Februari

Mpango uko tayari. Wakipima macho wanakusomesha herufi ukutani, hilo kila mtu analijua. Binti yangu Husna anauza kwenye duka la dawa Handeni, jirani na kliniki. Nimemwomba aupige picha ubao wa herufi, anitumie kwa simu. Kauliza ya nini. Nikamwambia mapambo. Nimekariri mistari yote, kushuka na kupanda, huku nawapa mbuzi majani. Mke wangu Mwantumu akauliza mbuzi wanaanza shule lini.

Jumatano, 11 Februari

Korogwe; kliniki ya Handeni wamenielekeza huku kwa daktari wa macho. Mwantumu kang'ang'ania kunisindikiza, na ndiye aliyeniharibia. Daktari wa macho, mama mmoja mpole anaitwa Dorkasi, aliuliza kama kwetu kuna mtu aliyepofuka. Nikasema hakuna. Mwantumu akasema baba mkwe wake alishikwa mkono miaka tisa, mpaka anaingia kaburini. Nikaeleza kwamba ule ulikuwa uzee. Mwantumu akasema alianza ana miaka arobaini na tano.

Ikaja zamu ya herufi. Nikasoma mpaka mstari wa chini kabisa, tena kwa sauti ya mnada! Jambo la ajabu, nilikuwa naziona zote. Siku mbili za kukariri zimekwenda bure. Dorkasi hakushtuka hata kidogo. Akasema ugonjwa anaoutafuta yeye huanza kula pembeni, katikati hupaacha mwisho. Akanitia dawa ya ganzi, akagusisha kidude kwenye jicho, akaandika 34. Akasema presha ya jicho kwa kawaida haizidi ishirini na moja. Nikaahidi kujitahidi.

Kisha mashine. Unaweka kidevu, unakodolea nukta ya katikati, na kila ukiona kimwanga pembeni unabonyeza kitufe. Nikaona hapa ndipo pa kumaliza kazi. Nikabonyeza mfululizo, kama dereva anayepigia ng'ombe honi. Mashine ikamwambia Dorkasi kwamba naona hata taa ambazo hazijawashwa. Tukarudia. Safari hii nilibonyeza kwa haki. Karatasi ya jicho la kushoto ikatoka karibu nusu nyeusi.

Presha ya macho, akasema. Glakoma. Mshipa wa jicho unaumia polepole, bila maumivu, na mwenyewe hujui. Kilichopotea hakirudi, dawa ni ya kulinda kilichobaki, tone moja kila jicho kila jioni, maisha yote. Na wanangu na ndugu zangu waje wapimwe. Nikaomba cheti. Kaandika ukweli mtupu. Sijawahi kukutana na daktari mkaidi vile.

Jumapili, 15 Februari

Siku nne za dawa, na upande wa kushoto sioni kilichoongezeka. Dawa haifanyi kazi! Tena inawasha. Nimebuni njia: nageuza uso kidogo, tone linaangukia shavuni, Mwantumu anaridhika. Shavu langu sasa halina presha kabisa.

Jioni kanifuma. Akasema sikio la kufa halisikii dawa. Nikamjibu langu ni jicho. Hakucheka. Kuanzia leo atatia mwenyewe, kichwa changu kikiwa mapajani mwake kama mtoto.

Alhamisi, 19 Februari

Ramadhani imenipa njia! Nimemwambia Mwantumu kwamba dawa inabatilisha funga. Akasema vizuri, twende tukamuulize Sheikh Ukasha. Sheikh akasema tone la jicho halibatilishi funga, na zaidi ya hapo, dawa ya jioni si inatiwa baada ya kufuturu? Sasa swali liko wapi? Kisha akatoa kichupa mfukoni mwa kanzu. Sawasawa na changu! Mwaka wa sita huu anatumia. Jicho moja halioni kitu, la pili ndilo analosomea msahafu. Nikamuuliza lile la kwanza lilipoteaje. Akasema mwaka ule alikuwa mjanja.

Nimeogopa. Naandika mara moja tu na sitarudia: nimeogopa sana. Nilimwona baba akipapasa ukuta kutafuta mlango wa nyumba aliyoijenga mwenyewe.

Basi. Turudi kwenye mpango wa mnada.

Jumamosi, 21 Februari

Cheti nimewaonyesha kamati kwa mbali, upande wenye mhuri. Kisha nikaamuru wanunuzi wote wasimame kulia kwangu, nikasema ndio utaratibu wa kisasa. Mambo yakaenda! Fimbo zote nikaziona. Ng'ombe wa tano alipopanda bei nikapiga hatua moja kushoto kwa furaha. Jukwaa lilikuwa limekwisha.

Nimetua kwenye hori la maji. Aliyenivuta ni Mustapha, na akaniuliza kwa kipaza sauti kama nimeumia. Wakati najikamua kanzu, kamati wakaokota cheti na kukisoma. Uamuzi: nitaendelea kunadi, mradi nitie dawa, na Mustapha asimame kushoto kwangu anitajie fimbo zinazoinuliwa. Mustapha! Nimekubali kwa uchungu mkubwa.

Jumanne, 17 Machi

Korogwe tena. Dorkasi kapima: 16! Kwenye mashine weusi haujaongezeka hata kidogo. Husna naye kapimwa, macho yake salama. Nilisema alhamdulillahi mpaka kliniki nzima ikageuka. Dorkasi akamsifu Mwantumu, si mimi mwenye macho. Akasema tuendelee hivihivi bila kuruka hata siku moja.

Yeye ni daktari, lazima aseme hivyo. Mtu mwenye akili anaona: presha ilikuwa juu, imeshuka, kwa hiyo nimepona. Nani anavuka mto halafu anabeba mtumbwi kichwani? Dawa naacha leo. Mustapha namfukuza Jumamosi.

Baada ya futari nikajilaza chali mkekani, nikamtangazia Mwantumu uamuzi wangu na hoja zake zote. Kimya. Nikajua amekubali, ametoka kwenda kuosha vyombo. Kumbe ameketi ubavuni kwangu, upande wa kushoto, na sikumwona mpaka tone lilipotua jichoni.

Mwanamke huyu ananyata sana. Sijui kajifunzia wapi.